Oili ya Kawaida, Nusu Sintetiki au Sintetiki: Ipi Iingie Kwenye Injini Yako?

Mtu akisimama mbele ya rafu ya oili za injini, swali lake huwa moja: niongeze hela nichukue sintetiki, au ya kawaida inatosha? Swali ni zuri, ila kwangu linakuja la tatu. La kwanza ni namba, ile 5W-30 au 20W-50 iliyochapwa kwenye kopo, inayosema oili ni nzito au nyepesi kiasi gani. La pili ni maisha ya gari lenyewe: safari ndefu au fupi, foleni au barabara wazi, mizigo au mtu mmoja na begi lake. Ukishayajibu hayo mawili, la aina ya oili mara nyingi linajijibu lenyewe. Nimeshaona sintetiki ya bei ya juu ikimiminwa kwenye injini isiyotaka namba ile, na nimeona gari kuukuu likienda miaka na miaka kwa oili ya kawaida kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuruka tarehe ya kuimwaga na kuweka mpya.

Hata hivyo tuanze na aina, maana ndizo zinazobishaniwa.

Kilichomo ndani ya kopo

Kila oili ya injini ina vitu viwili: mafuta ya msingi na viungo vinavyotiwa humo. Viungo ndivyo vinavyobeba masizi, vinavyozuia kutu na povu, na vinavyoweka utando juu ya chuma pale shinikizo linapozidi. Kimojawapo, chenye zinki na fosforasi na kinachojulikana kwa herufi ZDDP, kimekuwa kikitumika tangu miaka ya 1940. Kopo la bei nafuu lina viungo, na la bei kubwa pia linavyo. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta ya msingi.

Mafuta ya msingi ya oili ya kawaida hutoka kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ukiyatazama kwa undani ni kama mchanga wa mtoni: chembe nene, nyembamba, ndefu na fupi, zote pamoja. Zile nyepesi hugeuka mvuke mapema injini ikipata moto, na zile zenye nta hugeuka nzito kukiwa na baridi. Ya sintetiki yameundwa au kufinyangwa upya kiwandani mpaka chembe zake zikalingana kama shanga za uzi mmoja, kwa hiyo joto likipanda au likishuka zote hutenda kwa namna moja.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo herufi zake API utaziona kwenye karibu kila kopo, imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano. Kundi la I na la II ndiyo oili ya kawaida. La III ni mafuta ghafi yaliyofanyiwa kazi nzito kwa hidrojeni. La IV ni PAO, yaliyojengwa kutokana na gesi. La V ni yote yaliyobaki, zikiwemo esta. Na hapa pana kisa. Kampuni ya oili ya Mobil iliwashitaki washindani wao, Castrol, kwenye chombo cha kusimamia matangazo cha Marekani, wakidai kwamba mafuta ya Kundi la III hayastahili kuitwa sintetiki. Mwaka 1999 chombo hicho kikawapa Castrol haki. Tangu hapo neno “sintetiki” linaweza kuwa na maana mbili tofauti kwenye makopo mawili yaliyokaa bega kwa bega. Mimi Kundi la III silidharau, kwa matumizi ya kila siku linafanya kazi yake vizuri sana. Ila ujue tu kwamba jina halikuambii yote.

“Nusu sintetiki” ndiyo inayosema machache zaidi. Ni mchanganyiko, lakini neno lenyewe halitaji kiasi. Sintetiki iliyomo inaweza kuwa nyingi au ya kuonja.

| | Ya kawaida | Nusu sintetiki | Sintetiki |
|---|---|---|---|
| Kuwasha injini kwenye baridi | Hupanda polepole | Katikati | Hupanda haraka |
| Joto kali, turbo | Huchoka mapema | Inavumilia kiasi | Ndiyo kazi yake |
| Kilomita kabla ya kumwaga | Kama 5,000 | 5,000 hadi 8,000 | 10,000, au zaidi kitabu cha gari kikiruhusu |
| Inakusamehe usipopima kiwango? | Hapana | Hapana | Hapana |

Safu ile ya kilomita isome kwa tahadhari, nitairudia.

Chupa mbili kwenye friji

Niliwahi kufanya jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulirudia. Nilichukua chupa mbili ndogo za kioo, moja nikaijaza sintetiki ya 5W-30, nyingine oili ya kawaida ya 20W-50, nikaacha nafasi ya hewa upana wa kidole, nikafunga kwa nguvu. Zikalala kwenye friji. Asubuhi nikazipindua zote kwa pamoja. Kiputo cha hewa kwenye 5W-30 kilipanda mara moja, kama mtu aliyeitwa. Cha 20W-50 kilijivuta, kikanyong’onyea katikati ya chupa, kikafika juu nikiwa nimeshachoka kukitazama. Kisha nikazitia chupa kwenye maji ya moto, nikangoja, nikapindua tena. Safari hii viputo vilikaribia kwenda sambamba.

Ndani ya injini mambo ni hayo hayo. Gari likilala, oili yote hushuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, huku juu kwenye kamshafti na tapeti, zile zinazofungua valvu, kukabaki utando tu. Ukiwasha, pampu inaanza kuisukuma kuipandisha. Zile sekunde chache kabla haijafika ndizo chuma kinapokaa karibu zaidi na chuma. Kwa vipimo vya maabara, oili ya 20W-50 ikiwa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi huwa nzito kama mara mbili na nusu kuliko 5W-30. Kwenye nyuzi 100 pengo hilo hushuka hadi mara moja na nusu na kidogo.

Lakini kwenye jaribio langu nilichanganya mambo mawili, na msomaji makini ameshaliona. Chupa zile zilitofautiana aina na namba pia. Sehemu kubwa ya mwendo wa kile kiputo ilitokana na namba. Ndiyo maana nimesema namba inatangulia.

Nzito au nyepesi

Namba yenye W inahusu baridi; herufi hiyo inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 0W hupimwa uwezo wa injini kuizungusha kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri, na 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Usiseme “huku kwetu hakugandi, W hainihusu.” Oili inayopita kwa urahisi kwenye baridi ile kwa kawaida hupita kwa urahisi zaidi hata asubuhi isiyo na baridi yoyote ya kutajwa. Namba ya pili ni mnato kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa imeshapata moto: kwa kipimo cha sentistoki, 30 ina mnato kati ya 9.3 na 12.5, na 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Mafundi wengi wa zamani hupenda nzito, na si kwa ujinga. Walijifunzia kwenye injini zenye nafasi pana kati ya chuma na chuma, na oili nyepesi kwenye injini ile ilikuwa ikipotea. Gari langu moja kitabu chake kilitaka 5W-30. Nikalipeleka gereji na oili yangu mkononi. Fundi akachovya vidole viwili, akavisugua, akacheka.

“Kaka, haya si maji haya? Ukitaka injini ikae, weka nzito.”

Sikutaka kubishana, nikamwachia aweke 20W-50. Kesho yake asubuhi injini ilipowaka nikasikia tapeti zikigonga kwa sekunde nne, tano, kisha kimya. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile. Ikarudi kesho yake, na keshokutwa. Mwisho niliimwaga oili mpya kabisa, nikarudisha 5W-30, na mlio ukaisha.

Kosa la vidole ni kwamba havina joto la injini. Ile 5W-30 aliyoisugua ilikuwa na mnato zaidi ya mara tano ya ule itakaokuwa nao injini ikichemka kwenye kiwango chake. Kidole kinakuambia oili ilivyo kwenye kidole. Zaidi ya hapo, injini nyingi za sasa zinaitumia oili kama mkono wa kufanyia kazi: mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, ule ambao Toyota huuandika VVT-i, husukumwa na shinikizo la oili kupitia vijitundu vyembamba, na kikaza cha cheni ya taimingi vilevile. Ukiweka nzito, mifumo hii inachelewa kuitika, na wakati mwingine taa ya injini inawaka huku fundi akihangaika kutafuta sensa mbovu.

Kuteleza upande wa pili ni kubaya zaidi. Injini iliyoundwa kwa 40 au 50 ukiipa 0W-20 kwa sababu rafiki yako mwenye haibridi, gari la petroli na umeme, anaitumia, utando kwenye beringi za krenki unaweza kukatika gari likiwa na mzigo kwenye mlima, na injini ikanoki.

Vitabu vingi vya gari vinataja namba zaidi ya moja kwa kufuata hali ya hewa. Humo ndani una uhuru. Injini iliyochoka, yenye kula oili kidogo, unaweza kuitoa 30 ukaipeleka 40 kama jedwali la kitabu linaruhusu. Kuirusha moja kwa moja hadi 50 ni kuficha ugonjwa. Kama kitabu kimepotea, tazama mfuniko wa kujazia oili. Mara nyingi namba imechapwa hapo.

Ukiwa bado na kopo mkononi, tafuta alama ya duara ya API. Herufi mbili za juu zikianza na S ni za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyokwenda mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ilitoka 2010, kisha wakaruka hadi SP mwaka 2020, na 2025 ikaja SQ. Kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, kwa hiyo gari lililoandikiwa SN litakubali SP bila shida. Kopo la oili ya kawaida lenye SP na namba sahihi nalichukua mbele ya kopo linalong’aa, limeandikwa sintetiki kwa dhahabu, halina duara wala herufi yoyote.

Pale sintetiki inaposhinda bila ubishi

Joto. Wataalamu wa vilainishi wana kanuni ya haraka: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya oili kuharibika inakaribia kujizidisha mara mbili. Oili kwenye sampu huwa kati ya nyuzi 90 na 110 gari likienda kawaida. Panda mlima mrefu na mzigo na itavuka hapo. Chembe zile zisizolingana za oili ya kawaida ndizo zinazotangulia kuungua, na mabaki yake ni lile tope jeusi linaloziba vijitundu na wavu wa pampu.

Kuna kipimo kiitwacho Noack ambapo oili huchemshwa kwenye nyuzi 250 kwa saa nzima, kisha hupimwa imepungua uzito kiasi gani. Kwa oili za petroli za viwango vya sasa kupungua kusizidi asilimia 15. Sintetiki nzuri hupungua chini ya hapo kwa mbali. Kwa mwenye gari, maana yake ni kuongezea mara chache kati ya kumwaga na kumwaga.

Turbo, ile feni inayosukumwa na moshi ili kuingiza hewa zaidi kwenye injini, ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, umeelea juu ya utando wa oili, na upande mmoja unapigwa na gesi zinazoweza kupita nyuzi 900. Unapozima injini ghafla baada ya mwendo mkali, oili iliyobaki pale haizunguki tena, inakaangwa. Ya kawaida huacha gamba gumu kama mkaa kwenye beringi. Gamba likijengeka, oili haipiti, na turbo huanza kupiga mluzi, kisha moshi wa buluu. Kama gari lako lina turbo, ulinganisho wako umeishia hapa: chukua sintetiki, na uiache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima baada ya mwendo mkali.

Injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina shida yake nyingine, mlipuko unaotokea kabla ya wakati kwenye mwendo mdogo, ambao unaweza kupasua pistoni. Kiwango cha SP kilikuja kwa sababu hiyo pamoja na kulika kwa cheni. Hapo tazama herufi kwanza, sintetiki baadaye.

Oili za 0W-20 na 0W-16 hazikupi nafasi ya kuchagua: kwa mafuta ya msingi ya kawaida haziwezi kutengenezwa vizuri, kwa hiyo utakayoipata itakuwa sintetiki au mchanganyiko wenye sintetiki nyingi.

Kilomita ziko kwenye dashibodi, saa ziko kwenye injini

Narudi kwenye ile safu ya jedwali. Watu wanauziwa sintetiki kwa ahadi ya kilomita 10,000 au 15,000, na wanafanya hesabu ya bei kwa kilomita. Hesabu hiyo ni halali kwa gari la barabara kuu. Kwa gari la mjini haijakamilika.

Chukua kilomita 5,000. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa huzimaliza kwa saa 62 na nusu. Gari linalotambaa kwenye foleni kwa wastani wa 20 huzimaliza kwa saa 250. Dashibodi zote mbili zinasoma sawa, lakini injini moja imefanya kazi mara nne ya nyingine, tena kwenye hali mbaya, upepo haupiti kwenye radieta na petroli haiungui safi. Ndiyo maana vitabu vya gari vina ukurasa wa “matumizi magumu” ambao karibu hakuna anayeusoma. Humo utakuta muda wa kumwaga oili umekatwa, mara nyingi hadi nusu. Foleni, vumbi, safari fupi, kuvuta mzigo. Wengi wetu tuko kwenye ukurasa huo na hatujui.

Safari fupi ndizo zinazoonea oili kimyakimya. Kipimo cha joto kwenye dashibodi kinaonyesha maji ya radieta, na hayo hupata moto ndani ya dakika chache. Oili huchelewa; yaweza kuchukua robo saa na zaidi. Ukienda kilomita mbili, ukazima, ukarudi kilomita mbili, oili haikupata nafasi ya kuchemsha unyevu na petroli iliyopenya kwenye ringi. Fungua mfuniko wa kujazia oili wa gari la namna hiyo: chini yake utakuta utando wa rangi ya maziwa. Mara nyingi ni unyevu tu. Ukiwa mwingi, na maji ya radieta yakawa yanapungua, hapo mshuku gasketi ya silinda hedi.

Sasa, petroli na maji havitofautishi sintetiki na oili ya kawaida. Vyote viwili huivuruga kila oili. Kwa gari la safari fupi na foleni lisilo na turbo, oili ya kawaida au nusu sintetiki yenye namba na herufi sahihi, inayomwagwa kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, inailinda injini vizuri kuliko sintetiki inayobebeshwa kilomita 15,000 kwa sababu kopo limesema inaweza. Kinachotoka na oili chafu ni uchafu, na uchafu hauna njia nyingine ya kutoka.

Na filta itoke nayo. Ndani ya filta kuna valvu ndogo: filta ikiziba, valvu inafunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo oili inapita bila kuchujwa. Anayekuambia “filta tutabadilisha safari ijayo” anakuwekea oili mpya juu ya uchafu wa zamani.

Injini kuukuu, kuvuja, na kuchanganya

“Sintetiki inavujisha injini ya zamani.” Maneno haya yana mzizi: oili za mwanzo za sintetiki zilizoingia sokoni miaka ya 1970 zilikuwa na tabia ya kusinyaza sili za mpira. Hilo lilirekebishwa kitambo. Kinachotokea siku hizi ni kwamba sili imeshakufa, tope la miaka ndilo lililokuwa limeziba ufa, na oili yenye nguvu ya kusafisha ikaliondoa. Uvujaji ulikuwepo, ulikuwa haujaonekana.

Hivyo kwa injini yenye kilomita nyingi na historia usiyoijua, mimi siruki kwenda sintetiki ya muda mrefu mara moja. Mwaga ya kwanza baada ya kilomita 2,000 au 3,000, uone inatoka na nini. Tope likiwa zito, rudia. Dawa za kusafisha injini kwa dakika kumi siziamini kwenye injini ya namna hii. Zinang’oa mabonge na kuyapeleka kwenye wavu wa pampu kwa mkupuo.

Kuchanganya sintetiki na ya kawaida hakuui injini. Zinachanganyika. Ukikwama njiani na taa imewaka, ongezea yoyote yenye namba iliyo karibu na yako. Unachopoteza ni faida ya ile ghali, basi. Ukichanganya, hesabu muda wa kumwaga kwa kufuata ile ya chini.

Dizeli kwa ufupi

Herufi zake zinaanza na C: CI-4, CJ-4, na CK-4 iliyotoka mwishoni mwa 2016. Oili yake kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si ugonjwa, ni masizi yaliyobebwa, ndiyo kazi iliyolipiwa. La kuangalia ni chujio la moshi. Kama gari lako linalo, linataka oili yenye majivu kidogo, na vitabu vya magari ya Ulaya huiandika kwa herufi za ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, zinazoanza na C, mathalani C3. Majivu ya viungo hayaungui. Yanajaza chujio hadi linaziba, na chujio ni ghali kuliko makopo mengi ya oili. Hapo bei ya kopo isikushawishi kwa lolote.

Ningechukua ipi

Gari la petroli lisilo na turbo, la mjini, linalomwagwa oili mapema: ya kawaida yenye herufi mpya, au nusu sintetiki kama tofauti ya bei ni ndogo. Gari hilo hilo likiwa la safari ndefu kila wiki, sintetiki inajilipa, maana kilomita 10,000 za barabara wazi inazimudu bila kuchoka. Turbo, petroli au dizeli: sintetiki. Haibridi ya 0W-20: kile kilichoandikwa, na usimsikilize mwenye vidole. Kwenye haibridi injini huzimika na kuwaka mara nyingi safarini na mara nyingi haipati moto wa kutosha, kwa hiyo fuata pia tarehe, usingoje kilomita tu. Injini ya zamani sana yenye tapeti za kusugua inataka zinki nyingi, na oili nyepesi za petroli za leo zimepunguziwa ili kulinda kisafisha moshi. Huko ya kawaida ya 20W-50 au 15W-40 iliyoandikwa kwa magari ya zamani ndiyo yenyewe.

Gari linalokula oili ndilo linalowachanganya watu. Baadhi ya watengenezaji huhesabu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida. Tuseme lako linakula nusu ya hiyo, lita 1 kwa kilomita 2,000, na sampu yake ni ya lita 4. Ukiiwekea sintetiki ya kilomita 10,000 na kuisahau, kabla hujafika huko itakuwa imekula lita 5, zaidi ya zote ulizomimina. Kwa gari hilo nunua oili nafuu yenye namba sahihi, kwa wingi, na weka dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mkononi.

Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki, kwa magari mengi, ni kama lita 1. Egesha pasipo na mteremko, zima, ngoja dakika tano hadi kumi, chomoa, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chomeka hadi mwisho, chomoa tena, ndipo usome. Karibu na alama ya juu bila kuipita inatosha. Ukijaza kupita kiasi krenki inaipiga oili na kuitia povu, na pampu haisukumi povu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka unapoendesha haisemi oili imepungua kidogo, inasema shinikizo limeondoka. Zima pale pale, usitafute mahali pazuri zaidi.

Kwenye buti yangu kuna kopo la lita 1, namba ile ile iliyoko kwenye injini, limefungwa ndani ya mfuko lisivuje. Kwenye fremu ya mlango wa dereva nimebandika karatasi yenye tarehe, kilomita, na jina la oili. Fundi yeyote akifungua mlango anaiona kabla hajaniuliza.